Shahidi wa Nne

Ugomvi ulikuwa wa funguo. Mwoka mikate alimwambia mkewe kwamba kuanzia siku ile ghala la unga lingeshikwa na mama yake mzazi, kwa sababu mama ni mtu mzima, ana jicho, na wauzaji hawatamchezea. Tanuri lile na nyumba iliyolizunguka vilikuwa vya marehemu baba wa mke, kabla huyo mume hajajua hata kukanda unga, na funguo za ghala alikuwa akizivaa shingoni kwa kamba ya katani tangu usichana wake. Akaendelea kukoroga shira ya kupaka mikate ya sukari, kana kwamba aliyesema ni redio ya jirani.

Ilikuwa alasiri, wafanyakazi wamekwenda kupumzika. Alipoepua sufuria na kuibeba kwa matambara kuelekea mezani, mumewe alimfuata, akaishika ile kamba shingoni, akaivuta kama avutaye mbuzi asiyetaka kwenda. Kamba ikakaza. Mwanamke aliona vitu viwili kwa mpigo mmoja: ukuta uliokuwa kushoto kwake, na kifua cha mumewe mbele yake. Angeweza kuiinamisha sufuria upande wa ukuta. Nafasi ilikuwa finyu, lakini ilikuwepo. Hakuiinamisha.

Maji ya moto huunguza yakaporomoka. Shira haiporomoki, inashika na kukaa. Ilimshika mwoka mikate shingoni, begani na mkono wote wa kulia, na alipojaribu kuifuta kwa mkono wa kushoto, nao ukashikwa. Kuanzia kifuani kwenda chini aliokolewa na aproni yake ya turubai. Alipiga mayowe mpaka mafundi wa karakana ya jirani wakaruka ukuta.

Mlangoni mwa ghala alikuwa amekaa binti yao, mtoto wa darasa la tatu, akitafuna ncha za mikate. Watu wa mtaa walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukuwa na breki, na kwa hiyo mama yake alikuwa Mama Chiriku kwa kila mtu, hata kwa mumewe. Siku hiyo mtoto aliona yote, kuanzia kamba hadi sufuria, na ule mkate ukabaki mdomoni hautafunwi wala haumezwi.

Mama yake mwoka mikate alifika wodini kabla ya polisi. Mwanawe alimweleza mambo yalivyokuwa, kwa sababu mtu mwenye maumivu kama yale hana nguvu ya kupanga maneno. Bibi yule alisikiliza mpaka mwisho, akampangusa uso, akamwekea mto vizuri. Kisha akamwambia kwa sauti ya chini, “Mwanangu, ukisema ulikuwa umesimama, watakuuliza ulisimama kufanya nini. Ulikuwa umekaa.”

Basi polisi alipokuja kuchukua maelezo, mwoka mikate alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejiinamia anafunga kamba za viatu, hana habari, na mkewe akamjia na sufuria. Kadiri alivyoyarudia, kwa askari, kwa muuguzi, kwa wageni waliokuja na matunda, ndivyo alivyozidi kukiona kile kigoda. Kufikia siku ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, alikuwa akiwasimulia watu mpaka rangi yake.

Mama Chiriku alifika kituoni shingo yake ikiwa na mchirizi mwekundu kuzunguka pande zote. Alimwonyesha askari aliyekuwa akimwandika. Askari alimwambia mambo ya shingo akayaseme mahakamani. Alipofikishwa mahakamani, mchirizi ulikuwa umefifia, na hapakuwa na karatasi yoyote duniani iliyowahi kuutaja.

Mahakama ilikuwa jengo refu lenye korido iliyojaa mabenchi, mbao zake zimeng’arishwa na makalio ya watu wanaosubiri. Karani alimsomea shtaka: kusababisha madhara makubwa mwilini, kwa makusudi na kinyume cha sheria. Akamuuliza kama ni kweli au si kweli.

Mama Chiriku akasema ni kweli ilimwagika, lakini.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. Aliinua kalamu kabla haijagusa karatasi, akamweleza kwamba akisema ni kweli, anakubali shtaka lote, pamoja na hayo maneno ya makusudi, na mahakama itakachobaki nacho ni kumpa adhabu tu. “Hapa unakubali kosa au unakana,” alimwambia. “Hiyo ‘lakini’ yako itakuja wakati wa utetezi.” Mama Chiriku akakana. Hakimu akaandika, na kwa muda yule mwanamke aliondoka kizimbani akidhani amekutana na mtu wa upande wake.

Dhamana ilikuwa wazi, kwa sharti la wadhamini wawili wenye makazi ya kudumu. Katika ukoo mzima alikuwa amebakiwa na mjomba mmoja. Mjomba alikuja siku ile ya kwanza, akaahidi kutafuta mwenzake wa kusimama naye. Kabla ya siku kufika, mama mkwe alimtembelea nyumbani. Alikaa, akanywa maji, akamuulizia watoto wake mmoja mmoja kwa majina. Halafu akamuuliza kama yeye, mwenye mabinti wanaokaribia kuolewa, angependa watu wajue amemdhamini mwanamke anayepika waume. Mjomba hakuonekana tena mahakamani. Mama Chiriku akapelekwa rumande.

Gereza la wanawake lilikuwa na uwanja mmoja wa kuanikia nguo, na hapo mahabusu na wafungwa walichanganyika saa za asubuhi. Ndipo alipokutana na mwanamke mmoja mfupi, mcheshi, aliyeitwa Mama Rufaa. Alikuwa amekata rufaa mpaka mahakama za kukatia zikamwishia, na kila rufaa ilitupwa. Alisema sasa amebakiza kumkatia rufaa Mungu, ila hajui masjala yake iko wapi. Wenzake walimcheka, lakini mwenye kesi mpya hakupita bila kwenda kukaa karibu naye.

Alimfundisha Mama Chiriku huku wakikamua nguo. Alimwambia kutajwa kwa kesi ni kwenda kusikia jina lako na kurudi, asijisumbue kulia siku hiyo. Kusikilizwa ndiko kwenye shughuli. Mlalamikaji atatangulia kama shahidi wa kwanza, wengine watamfuata, kila mmoja ataongozwa na mwendesha mashtaka, na akimaliza kuongozwa, mshtakiwa asiye na wakili atapewa nafasi ya kumdodosa mwenyewe. Mzigo wa kuthibitisha ni wa upande wa mashtaka. “Wewe si kazi yako kuonyesha kwamba ni mwema,” alisema. “Kazi yako ni kumpa hakimu shaka. Shaka yenye miguu ya kusimama.”

Mama Chiriku aliyashika hayo kama alivyokuwa akishika vipimo vya unga. Hakuyumba mpaka siku aliporudi kutoka mahakamani na habari ya mashahidi. Wa kwanza mumewe, wa pili daktari, wa tatu askari. Wa nne ni binti yake.

Siku hiyo alimwambia Mama Rufaa kwamba hataweza kumdodosa mtoto. Atamwacha aseme ashuke.

Mama Rufaa aliacha kukamua. Akamweleza jambo ambalo hakuwa akilisimulia, kwa sababu halikuwa na sehemu ya kuchekesha. Katika kesi yake, shahidi aliyemmaliza alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Alimwona amesimama pale anatetemeka, akamhurumia, akasema hana swali. “Hakimu akaandika, ushahidi haukupingwa. Kila rufaa niliyokata, walinisomea maneno hayo hayo.” Akalitandaza shuka kwenye kamba, akalinyoosha kwa viganja. “Kizimbani hakuna mtoto, mwenzangu. Kuna shahidi.”

Nyumbani kwa bibi, Chiriku naye alikuwa akisomeshwa.

Ilianza kama mchezo, na yeye aliupenda. Kila akitoka shule, bibi alipanga viti sebuleni, akajifunga kitambaa cheusi kichwani akawa hakimu. Kreti ya mikate iliyogeuzwa ikawa kizimba. Baba, mkono wake umefungwa bandeji mpaka vidoleni, alikaa kwenye kochi akawa ndiye mlalamikaji. Mtoto alijifunza kupanda kwenye kreti bila kucheka, kuinamisha kichwa kwa heshima, na kusema Mheshimiwa. Alijifunza kwamba mahakamani watu hawana majina ya nyumbani. Baba ni mlalamikaji. Mama ni mshtakiwa. Akikosea akasema “mama,” bibi alimshusha, akaanza upya.

Hapo mwanzo Chiriku aliuliza kwa nini aseme baba alikuwa amekaa, wakati alikuwa amesimama anavuta kamba. Baba akageuza uso dirishani. Bibi hakukasirika. Alimpakata, akamweleza kwamba mtoto wa kule shule akikumbuka vibaya hupewa sifuri, lakini mtoto akikumbuka vibaya mahakamani, hakimu humfunga baba yake. Kisha akamfungua baba bandeji, akamwambia mtoto atazame. Chini ya bandeji mkono ulikuwa mwekundu na mbichi, unang’aa. “Unataka huyu naye akafungwe, na mkono huu?” bibi alimuuliza.

Baada ya hapo Chiriku hakukosea tena. Alisema yote kwa mkupuo, na akimaliza alipewa mkate wa sukari.

Kesi ilipoanza kusikilizwa, mwoka mikate alipanda kizimbani akaapa, akakaa kwenye kigoda chake. Mama Chiriku alimdodosa kuhusu kamba na funguo. Akajibu hajui kamba wala funguo. Daktari alisema majeraha yanaeleza ukali wa moto, hayaelezi mtu alikuwa amekaaje. Askari aliulizwa kuhusu shingo ya mshtakiwa, akasema hakumbuki kuona kitu, na kama angeona angeandika. Yote hakimu aliyaandika kwa mwendo ule ule, bila kuinua uso.

Siku ya shahidi wa nne, hakimu aliamuru ushahidi uchukuliwe faragha. Watu wakatolewa, bibi pia, akabaki koridoni na mkoba wake. Ndani walibaki wanaohusika tu, na afisa ustawi wa jamii akaketi karibu na mtoto. Chiriku alivaa gauni jipya na soksi nyeupe, nywele zimebanwa mpaka macho yamevutika. Mama yake hakuwa amemwona tangu siku ya shira. Aliona amerefuka, na kwamba mtu fulani alikuwa amemtoboa masikio.

Hakimu alimuuliza mtoto anasoma wapi, na kama anajua uongo ni nini. Akajibu kwamba uongo ni kusema kitu ambacho hakikutokea, na anayesema uongo hapa anafungwa. Hakimu akaridhika. Mtoto akaahidi kusema kweli.

Akasema kama maji. Siku ya tukio alikuwa amekaa mlangoni mwa ghala. Mlalamikaji alikuwa amekaa kwenye kigoda akifunga kamba za viatu. Mshtakiwa alikuja na sufuria akammwagia kwa makusudi.

Mwendesha mashtaka, kijana mwenye koti lililombana, alimwomba aionyeshe mahakama mshtakiwa ni nani. Chiriku akanyoosha kidole.

“Ni nani yako yule?” hakimu aliuliza.

Mtoto alitazama nyuma, alikokaa baba yake. “Ni mshtakiwa,” akasema.

Mama Chiriku alijishika kwenye ukingo wa kizimba. Baadaye aliwaambia watu kwamba pale alihisi baridi ya kuanzia kwenye nyayo, wala si uchungu, na kwamba kama mtoto angesema tu “mama,” huenda yaliyofuata yasingefuata. Lakini hilo alilisema baadaye.

Alipoambiwa ni zamu yake kumdodosa, alianza kwa kuomba mlalamikaji ahamishwe, kwa kuwa shahidi anamwangalia kabla ya kujibu. Hakimu akakubali. Mwoka mikate akapelekwa benchi la pembeni, nyuma ya kabati la majalada.

Alianza kwa upole. Alimuuliza mtoto siku ile alikuwa akila nini. Ncha za mkate. Akamuuliza baba yake akiwa kazini huvaa nini miguuni. Ndara. Zina kamba za kufunga? Mtoto akasita, kisha akasema siku hiyo alivaa viatu. Hilo bibi alikuwa ameliona mapema.

“Umesema mshtakiwa alimwaga kwa makusudi,” Mama Chiriku alisema. “Makusudi ni nini?”

Chiriku alifikiri kwa bidii. Hilo hakufundishwa. “Makusudi ni shira ikiwa ya moto sana,” akasema.

Hakimu aliandika. Mwendesha mashtaka akatazama viatu vyake. Kama Mama Chiriku angekuwa amesomea kazi ile, angeketi. Lakini hakusomea. Alichokuwa nacho ni mafunzo ya uwanja wa kuanikia nguo, na alichokiona ni kwamba mtoto bado amesimama wima na kile kigoda bado kipo.

Kulikuwa na jambo analolijua. Mwaka uliotangulia, walipokuwa wamelala kwa bibi wakati wa likizo, Chiriku alilowanisha godoro. Asubuhi alimwambia bibi kwamba ni mtoto wa shangazi yake, mvulana mdogo waliyelala naye. Mvulana akachapwa. Baada ya siku kadhaa, mtoto alijifunika shuka pamoja na mama yake akamweleza yote huku akilia, akamwomba asimwambie mtu. Mama yake akamwapia.

“Shahidi,” alisema sasa, “likizo ya mwaka jana, kwa bibi yako, nani alilowanisha godoro?”

Mtoto alimwangalia. Kwa mara ya kwanza tangu aingie, alimwangalia yeye. Mwendesha mashtaka alisimama akapinga swali, akasema halihusiani na shauri na linamdhalilisha mtoto. Mama Chiriku alijibu kwamba anataka kuonyesha kama shahidi huyu husema kweli. Hakimu akamwambia aendelee, lakini awe mwangalifu.

“Ni nani?”

“Ni mimi.”

“Ulimwambia bibi ni nani?”

Mtoto akataja jina la yule mvulana, kwa sauti isiyofika mbali. Karani akamwomba arudie. Akarudia.

“Ulimwambia ukiwa unamtazama usoni?”

“Ndiyo.”

“Akachapwa nani?”

“Yeye.”

“Na wewe ulikuwa umesimama hapo unaangalia.”

“Ndiyo.”

“Kwa hiyo wewe unaweza kumtazama mtu mzima usoni, ukasema uongo, mwingine akaadhibiwa, na wewe ukaangalia. Kama leo.”

Maji yakashuka miguuni mwa Chiriku, yakaingia kwenye soksi nyeupe, yakatambaa kwenye mbao za kizimba mpaka ukingoni. Afisa ustawi wa jamii akainuka. Mama Chiriku aliona, na hakunyamaza.

“Baba yako alikuwa amekaa au amesimama?”

“Alikuwa amesimama,” mtoto alisema. “Mama, alikuwa amesimama, alikuwa anavuta kamba, nimesema, basi. Na wewe uka—”

“Sina swali lingine, Mheshimiwa,” Mama Chiriku akasema, akaketi.

Hakimu alimuuliza mwendesha mashtaka kama ana la kumhoji tena shahidi wake. Kijana alitazama ile mbao iliyolowa. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi ya kuuliza mtoto alitaka kumalizia nini. Akasema hana. Mtoto akatolewa nje, na karani akaenda kutafuta tambara.

Upande wa mashtaka ukafunga ushahidi wake. Hakimu alisema mshtakiwa ana kesi ya kujibu, akamweleza haki zake: kujitetea kwa kiapo, kujitetea bila kiapo, au kukaa kimya. Alichagua kiapo, kama alivyoshauriwa, kwa sababu maneno ya kiapo yana uzito. Alieleza habari ya kamba na funguo, na yote hayo yalikuwa kweli. Alipofika kwenye sufuria, alisema ilimponyoka. Mwendesha mashtaka alimdodosa kidogo bila moyo. Sufuria ikabaki imemponyoka, na ikaandikwa hivyo.

Kati ya siku hiyo na siku ya hukumu, mtoto aliishi kwa bibi kama mgeni asiyealikwa. Hakuna aliyempiga. Baba yake aliacha tu kumsemesha. Akiingia chumbani, baba anatoka. Shangazi alikuja na mwanawe, yule mvulana, akamsimamisha mbele yake, akamwambia mtoto wake amtazame vizuri huyu aliyemchapisha. Bibi aliacha kumpa mikate ya sukari, na viti vya sebuleni vikarudishwa mahali pake.

Hukumu ilisomwa mahakama ikiwa wazi. Bibi alikwenda na Chiriku, akamkalisha benchi la mbele, akasema na asikie matunda ya kazi yake. Hakimu alisoma kwa sauti ile ile ya taratibu. Alipitia shahidi mmoja mmoja. Alipofika kwa wa nne, alisema shahidi huyu aliulizwa maana ya neno makusudi akashindwa, na kwamba kwa jibu hilo peke yake mahakama ilikwisha kuona amefundishwa cha kusema. Hata kama asingeulizwa swali jingine, shaka ilikuwa imeingia. Mama Chiriku alisikia sentensi hiyo, akahisi kama amekanyaga ngazi ambayo haipo.

Hakimu akaendelea. Alisema, isitoshe, shahidi alikiri mwenyewe kuwa huko nyuma alisema uongo uliosababisha mwingine kuadhibiwa, na kwamba alibadili ushahidi wake akiwa kizimbani. “Mahakama hii inaona kuwa shahidi wa nne ni mwongo na si wa kuaminika,” alisoma, na akafungua ukurasa. Kuhusu mwoka mikate na kigoda chake alisema tu kwamba ushahidi wake haukuungwa mkono. Kuhusu mshtakiwa alisema utetezi wake ulikuwa thabiti. Akamwachia huru, na kuutaarifu upande wa mashtaka kuwa una haki ya kukata rufaa. Hawakukata.

Koridoni, bibi alikuja amemshika mtoto kifundo cha mkono. Mama Chiriku alikuwa amesimama na mfuko wa nguo zake alizotoka nazo gerezani, hajui aende upande upi. Mama mkwe alimsukumia mtoto mbele.

“Chukua shahidi wako,” alisema. “Kwetu amekwisha kazi.”

Akaondoka, viatu vyake vikigonga sakafu. Mwoka mikate alimfuata bila kugeuka.

Tanuri na nyumba alikuwa amebaki navyo mwoka mikate na mama yake, kwa hiyo mama na binti wakapanga chumba upande mwingine wa mji. Mama Chiriku alipata kibarua katika duka la mikate la watu wengine, akakanda unga wa watu wengine. Wapo waliomwambia afungue kesi ya madai, adai tanuri na nyumba ya baba yake, kwamba hiyo si jinai, hakuna kizimba, ni hati na mashahidi tu. Alisikia neno mashahidi akasema hapana.

Mtoto alikuwa na adabu. Aliamka mwenyewe, akafagia, akaosha vyombo, akaenda shule, akarudi. Alisalimia kila siku shikamoo kwa sauti iliyonyooka. Mwalimu alisema anafanya vizuri, ila hanyooshi mkono. Mama yake akimgusa kichwa, alisimama tuli, kama mtoto anayepimwa sare na fundi, akingoja kazi iishe.

Jumapili moja, wakiwa wanachambua mchele mlangoni, Mama Chiriku alijikaza. Alimwambia kwamba yale aliyoyasema hakimu asiyaweke moyoni, hakimu hamjui. Yeye mama yake ndiye anayemjua, na anajua kuwa si mwongo.

Mtoto aliendelea kuchambua. Aliokota jiwe dogo, akaliweka pembeni na mengine.

“Lakini wewe ndiye uliyemwambia,” akasema.

Mama Chiriku alifikiria kumweleza kuhusu rumande, kuhusu ushahidi usiopingwa, kuhusu miaka ambayo angekaa ndani. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofika mdomoni. Badala yake akauliza kitu ambacho hakuwa amepanga kuuliza, kama mtoto angependa kurudi kwa baba yake, au aende akaishi kwa mjomba, au wabaki wao wawili pale.

Chiriku alipuliza makapi kwenye ungo, akayaangalia yalivyoruka.

“Popote tu,” akasema, na akaingia ndani kubandika maji.